Maswali ya Wasomaji: Halta, Lijamu na Koti la Kumwonyesha Farasi Mchanga

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni saisi katika zizi moja huku Karen na kazi hii nimeifanya kwa miaka sita, lakini sijawahi kuingia uwanjani mbele ya mwamuzi. Mwenye farasi ameniagiza nimwonyeshe farasi wake jike wa mwaka mmoja na miezi minne mwezi ujao, si kwa kupandwa bali kwa kuongozwa kwa mkono. Amenunua hatamu ya kupendeza yenye lijamu na mapambo mengi ya shaba, kisha akanipa shilingi 4,000 nijitafutie nguo. Farasi ni wa rangi ya kahawia na kichwa chake ni kirefu kidogo. Nimvalishe nini, nami nivae nini? — *Saisi, Karen*

JIBU: Ndugu yangu, nianze na jambo ambalo huenda likakulazimu kuzungumza na mwajiri wako kwa adabu na mapema: lijamu hilo liwekwe kando. Farasi wa umri huo hana haja ya chuma kinywani, na anayekutana nacho kwa mara ya kwanza karibu na siku ya maonyesho hutafuna, hupanua mdomo na kurusha kichwa, hata mwamuzi akabaki kutazama kinywa kinachohangaika badala ya mabega na miguu aliyokuja kuikagua. Kwa desturi ya Uingereza, ambayo ndiyo wafugaji wa zama za ukoloni walikuja nayo hapa, farasi wa mwaka mmoja huonyeshwa kwa halta ya ngozi, yaani hatamu isiyo na lijamu. Chuma huanza kuonekana kwa wale wa miaka miwili na kuendelea, hasa madume, ambao nguvu zao humshinda mtu kwa urahisi. Hata hivyo kila shindano lina masharti yake katika ratiba, kwa hiyo yasome wiki hii. Hatamu ya mwajiri wako haitapotea bure, kwa kuwa mwakani itamfaa, baada ya daktari wa mifugo kumkagua meno.

Sasa halta yenyewe. Ngozi iwe ya kahawia iliyokolea, kwa sababu nyeusi juu ya farasi wa rangi hiyo huonekana kama mistari ya wino. Kwa kuwa kichwa ni kirefu, chagua yenye mkanda wa pua mpana kidogo, kwani mkanda mpana hukikata kichwa kirefu machoni pa mtazamaji kikaonekana kifupi. Ule mwembamba waachie wenye farasi wa Kiarabu, ambao vichwa vyao vidogo havitaki kufunikwa. Bizimu mbili au tatu za shaba zinatosha. Mapambo yakizidi, jicho la mwamuzi huenda kwenye shaba, na shaba haipewi utepe wa ushindi.

Zaidi ya uzuri, halta inapaswa kumkaa. Mkanda wa pua ukae upana wa vidole viwili chini ya ncha ya mfupa wa shavu, na vidole viwili viweze kupita kati yake na pua. Ule wa kooni ulegee kiasi cha kupitisha ngumi, la sivyo utambana pumzi anapoinamisha kichwa. Mkanda wa paji la uso ndio unaosahaulika zaidi: ukiwa mfupi, huivuta halta yote mbele ikagusa mashina ya masikio, na farasi anayeumwa masikio hawezi kuyasimamisha mwamuzi anapomkaribia. Kichwa cha farasi mchanga bado kinakua, hivyo usinunue halta ambayo tayari imefungwa kwenye tundu la mwisho. Mafundi wa ngozi wa soko la Kariokor wanaweza kukushonea au kukuongezea matundu ukiwapelekea vipimo sahihi pamoja na halta ya zamani kama mfano; sisitiza ishonwe kwa uzi imara, na vyuma vya mahali pa kufungia kamba visiwe vya kugundishwa.

Kamba ya kuongozea iwe ya ngozi au ya utepe mnene wa pamba, yenye urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu. Ile ya nailoni ni rahisi, lakini farasi akishtuka itakuchuna kiganja. Sehemu inayobaki ikunje kwa mikunjo mirefu na uishike katikati. Usiizungushe mkononi hata mara moja, maana farasi wa kilo mia tatu na kitu akikimbia atakuburuta nayo.

Kuhusu nguo, shilingi 4,000 zitakutosha ukienda kwenye masoko ya mitumba ya Toi au Gikomba asubuhi, kabla wachaguzi hawajamaliza mali. Tafuta koti la sufu la kahawia au kijani kibichi kilichopoa, shati jeupe, tai isiyong'aa na suruali ya rangi ya mchanga. Suruali nyeupe usiiguse: udongo mwekundu wa Karen utaiharibu kabla hujamtoa farasi kwenye lori. Kabla ya kulipia koti, lifunge vifungo vyote, kisha inua mkono wa kulia hadi usawa wa kidevu cha farasi na ukimbie hatua kumi papo hapo sokoni. Watu watacheka, lakini koti linalokubana kwapani litakuzuia kumwacha farasi achangamke katika mchakamchaka, naye atakimbia akiwa amepinda shingo kukuelekea. Tai ibane ndani ya koti ili isipepee usoni pake.

Pesa zitakazobaki nunulia glavu na viatu. Viatu viwe vya kufunika vifundo, vyenye soli ya mpira iliyochongwa mistari. Viatu vya ofisini vyenye soli laini huteleza kwenye nyasi zenye umande, na maonyesho mengi huanza mapema. Kichwani vaa kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, kwani farasi wa mwaka mmoja husimama kwa miguu ya nyuma bila kutoa taarifa.

Nikuonye kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza katika uwanja wa Jamhuri, nilimvalisha farasi wa kijivu halta iliyonunuliwa jana yake. Kwa kutaka ing'ae, nilikuwa nimeipaka rangi nyeusi ya viatu usiku. Jua lilipopanda, rangi ikayeyuka: farasi akawa na michirizi miwili mashavuni kama mtu aliyelia na wanja, na mkono wangu wa koti ukawa mweusi hadi kwenye kiwiko. Mwamuzi aliuliza kwa upole kama farasi alikuwa na doa la kuzaliwa. Tangu hapo ngozi yangu husafishwa kwa sabuni ya glisarini na kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na haipakwi kitu kingine katika siku mbili za mwisho.

Kwa hiyo anza leo. Mvalishe halta hiyo dakika 15 kila siku, mtembeze, msimamishe, na siku chache za mwisho wewe pia uvae koti, glavu na kofia, kwa sababu farasi mchanga anayekujua ukiwa na ovaroli anaweza kukukataa kabisa ukimjia na koti linalonukia mitumba.

SWALI: Ninavaa hijabu na binti yangu pia. Ataongoza farasi wetu mdogo kwenye maonyesho. Je, hijabu itamkosesha alama? — *Mama, South C*

JIBU: Mama, kinachotazamwa ni unadhifu na usalama, na hijabu haivunji lolote kati ya hayo. Mchagulie ya pamba nyepesi ya rangi moja, inayolingana na koti lake, ikunjwe bila fundo nyuma ya kichwa ili kofia ngumu ikae sawa. Pini zisiwe chini ya kofia hata kidogo, akianguka, zitamchoma. Ncha zote aziingize ndani ya koti kabla ya kufunga vifungo, na kofia ipimwe akiwa tayari amevaa hijabu, kwa kuwa ile iliyomtosha kichwa kitupu itambana, na ile ya kubahatisha itamshukia machoni farasi atakapoanza mchakamchaka.