Takwa na ufuo wa Shela kwa siku tatu: tazama mwezi kwanza

Ndugu, umeuliza kama siku tatu za Lamu zinatosha kuona magofu ya Takwa, kutembea ufuo wa Shela na kupumzika, ukiwa na mama wa miaka 70. Zinatosha. Ila usianze na kutafuta chumba, anza na kalenda ya Kiislamu.

Takwa iko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, na boti huingia kwa mkono wa bahari unaopenya mikokoni. Maji yakitoka, hapo panabaki tope tupu. Tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu ni siku za bamvua: maji hujaa sana mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo tarehe 6 au 20 maji hujaa karibu saa mbili asubuhi, na hiyo ndiyo siku ya kumpeleka mzee, jua halijawaka. Ondokeni Shela saa kumi na mbili na nusu, mwingie mkondoni maji yakiwa bado yanapanda, na saa tatu na nusu muwe mmesharudi botini. Haya ni makadirio, nusu saa huku na huku. Neno la mwisho ni la nahodha.

Tarehe 8 au 23 zinadanganya wengi. Saa za kujaa ni nzuri, lakini ni maji mafu, hayapandi vya kutosha, na boti nzito husugua chini. Mwenye boti akikwambia "twenda saa yoyote utakayo", muulize atapita wapi. Maji yakikupwelea huko ndani, ama mngoje mpaka yajae tena, ama mshuke mkanyage tope, na kwenye mizizi ya mikoko kuna chaza ambao makombe yao hukata kama wembe. Hata siku nzuri, mvike mama viatu vya plastiki vya kufunga nyuma. Ndara hubaki topeni.

Chukua boti ya mashini, ni kama nusu saa. Mashua ya tanga inapendeza, lakini huweza kula saa moja na nusu, na upepo ukikataa nahodha anashika pondo, ule mti wa kusukumia chombo, huku maji yanakuponyoka. Bei mkubaliane ya boti nzima, kwenda, kungoja na kurudi, si ya kichwa, na ulize kama kiingilio cha Makumbusho ya Taifa, wanaotunza magofu, kimo ndani yake. Ulizia kiingilio hicho na namna ya kukilipa kwenye Makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, kabla hamjavuka. Ijumaa usipange safari ya mchana. Manahodha wanakwenda msikitini.

Takwa yenyewe haihitaji zaidi ya saa moja na nusu. Mji ulikaliwa kati ya karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Husemwa visima viliingia chumvi, na watu wakavuka kwenda Shela. Anzeni na Msikiti Mkuu. Juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo, jambo la nadra kwa misikiti, na wengi huamini pana kaburi la shekhe. Kisha tokeni nje ya ukuta wa mji, upande wa kaskazini, muone kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683. Watu wa Shela bado huja kuomba mvua pale, basi msiliegemee kwa ajili ya picha. Kuta nazo msizipande: chokaa inayoshika mawe ya matumbawe imeoza, jiwe moja likitoka yanafuata matatu. Mama akichoka, kivuli cha mbuyu kipo. Wenye nguvu wafuate njia fupi mpaka upande wa bahari kuu, kuna ufuo usio na mtu. Hakuna duka wala bomba. Bebeni lita mbili za maji kila mtu.

Shela. Ufuo una kilomita 12, na kosa la kawaida ni kuutembea maji yamejaa. Mchanga wa juu ni laini, nusu saa tu vifundo vinalalamika. Ngojeni maji yatoke, mtembee kwenye mchanga mgumu uliolowa. Siku za kusi, Aprili hadi Septemba, kwenda unapigwa na upepo usoni na mchanga unachoma miguu, na mawimbi si ya kuogea. Kaskazi ndiyo raha. Kivuli hakuna kabisa, wala mwokoaji. Vile vilima vya mchanga viacheni vilivyo, ndivyo vinavyochuja mvua na kuwapa watu wa Lamu maji ya visima.

Lamu mjini hadi Shela ni kilomita 3 kando ya bahari, kama dakika 45 kwa miguu. Bamvua ikijaa, maji hupiga ukuta karibu na Shela na mtalowa hadi magotini. Saa hiyo pandeni boti ya abiria. Mfunge mama leso, nawe usipite vichochoroni na nguo ya kuogelea, Shela ni mji wa watu kabla haujawa wa wageni.

Matondoni, wanakounda majahazi, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kutoka Lamu mjini, kwenye njia ya mchanga. Huko nenda wewe na mwenyeji, kwa sababu njia za mashambani zinagawanyika bila alama. Mama abaki barazani.

Andika hapa chini tarehe unazokuja, tukuhesabie maji.