Kubadili pikapu ya gitaa bila kuchoma risasi

SWALI: Shikamoo fundi. Gitaa langu la umeme lina hambaka mbili, yaani pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zenye koili mbili za waya kila moja. Ile ya upande wa daraja sauti yake ni butu, nami nimepata nyingine yenye nyaya nne za rangi na mmoja mtupu. Sina vifaa vya kuchomea risasi. Rafiki yangu anasema nisokote tu nyaya nifunge na selotepu. Itafaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Selotepu weka kando kabisa. Pikapu isiyotumia betri hutoa umeme mdogo mno, wa kiwango cha milivolti, kwa hiyo kiungo kikilegea utakisikia kwenye amplifaya: sauti inakwaruza, inakatika, kisha inarudi ukiligonga gitaa. Na gitaa hutikisika muda wote linapopigwa. Bila risasi, kiungo hudumu pale tu kinapobanwa na chuma, yaani skrubu au kibanio kilichominywa kwa koleo lake.

Habari njema ni kwamba poti zako, yaani vifaa vya kuongeza na kupunguza sauti, hazina haja ya kuguswa. Chomoa kebo, legeza nyuzi, fungua kifuniko cha nyuma, fuata waya wa pikapu ya zamani hadi unapoishia. Ukate ukibakiza mkia wa sentimita nane hivi upande wa poti, na upande wa pikapu pia ubaki mrefu, maana huenda siku moja ukataka kuirudisha. Mkia ule umeshachomwa risasi kiwandani. Kazi yako ni kuuunganisha na pikapu mpya kwa konekta ndogo ya skrubu, ile ya plastiki ambayo mafundi umeme huikata vipande.

Sasa rangi, na hapa nakuomba utulie. Kila kampuni ina mpangilio wake. Kwa Seymour Duncan, nyeusi ndiyo inayobeba sauti, kijani pamoja na waya mtupu huenda ethi (upande wa ardhi wa umeme), nyekundu na nyeupe hufungwa pamoja zenyewe. Kwa DiMarzio, nyekundu ndiyo ya sauti, kijani na mtupu ethi, nyeusi na nyeupe hufungwa pamoja. Ukiifunga DiMarzio kwa mchoro wa Seymour Duncan, gitaa litalia, lakini koili mbili zitapingana na sauti itakuwa nyembamba, haina besi. Mtu anaweza kuitukana pikapu nzuri bure! Tafuta mchoro wa pikapu yako hasa. Ukishindwa kuijua, maltimita (kipimo cha umeme) itakuonyesha angalau nyaya zipi mbili ni za koili moja: jozi inayosoma kilo-omu kadhaa ndiyo yenyewe.

Nyaya hizi ni nyembamba, skrubu huzikosa. Menya kama sentimita moja, sokota nyuzinyuzi zake, kunja mara mbili, ndipo uingize na kukaza. Kisha vuta kidogo, ukichomoka, rudia. Usivute kamwe kwenye pikapu yenyewe, kwa sababu waya wa koili ni mwembamba kama unywele, na ukikatika dawa yake ni kusukwa upya.

Pikapu nyingi za zamani zina waya mmoja uliofunikwa na wavu wa chuma. Wavu huo ndio ethi, na waya wa ndani ndio sauti. Unyuzi mmoja wa wavu ukigusa waya wa ndani, pikapu inanyamaza kabisa, basi ukunje wavu nyuma na uuvike mpira.

Kabla ya kufunga kifuniko, chomeka kebo, sauti iwe chini, gonga pikapu taratibu kwa bisibisi. Usikie "tok" safi. Ukiwa na maltimita, pima kwenye ncha ya kebo, poti ya sauti ikiwa imefunguliwa yote: hambaka ya kilo-omu 7.5 kwenye poti ya kilo-omu 500 itasoma karibu 7.4.

Mwisho, washa pikapu zote mbili pamoja. Kila moja ikiwa nzuri peke yake lakini pamoja zinakuwa nyembamba, badilishana waya wa sauti na wa kijani kwenye pikapu mpya, ila waya mtupu uuache palepale kwenye ethi. Na ukisikia mvumo mkubwa usiopungua hata ukishika nyuzi, angalia waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja. Huenda umeuchomoa wakati wa kazi.