Harufu kali ya samadi ni mbolea inayotoroka

Wafugaji wengi tunaichukulia samadi kama kitu kimoja: ikishaoza, basi, peleka shambani. Mimi siku hizi nakiangalia kila kirutubisho peke yake, maana kila kimoja kina mlango wake wa kutokea.

Nitrojeni ndiyo mtoro sugu. Sehemu kubwa ya ile ya kutumika haraka imo kwenye mkojo, na mkojo ukikutana na kinyesi, urea, yaani ile nitrojeni ya kwenye mkojo, hugeuka gesi ya amonia upesi sana. Ndiyo ile harufu inayowasha macho bandani. Kwa hiyo kuitunza mbolea kunaanzia kwenye matandiko: nyasi kavu au maranda ya kutosha yanyonye mkojo. Lundo la kinyesi kitupu nalo litanuka tu. Linataka kaboni, ile ya kwenye nyasi kavu na maranda, sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya nitrojeni. Na tafadhali, usimwagie jivu wala chokaa samadi mbichi ati kukata harufu. Unaifukuza amonia.

Fosforasi haipeperuki. Lundo likioza hunywea, kwa sababu kaboni hutoka kama hewa na maji hukauka, lakini fosforasi hubaki palepale, hivyo kilo ya mboji kavu inayo nyingi kuliko kilo ya samadi kavu. Anayekadiria samadi ya kumwaga shambani kwa nitrojeni peke yake, miaka nenda rudi, anairundika fosforasi ardhini bila kujua.

Potasiamu adui yake mvua. Yale maji ya kahawia yanayochuruzika chini ya lundo ndiyo yanayoibeba. Turubai juu, sakafu ngumu chini.

Kugeuza kunahitajika ili joto la nyuzi 55 hadi 65 liue vimelea na mbegu za magugu, ila kila ukigeuza amonia hutoka. Mimi huacha fimbo katikati ya lundo: nikiichomoa nikakuta imeanza kupoa, ndipo nageuza. Unyevu nao naupima kwa kiganja: nikikamua bonge, litoe matone machache tu.

Mwenye mtambo wa bayogesi asiogope kwamba gesi imekula mbolea. Gesi ni methani na kaboni dioksidi. Nitrojeni karibu yote imo kwenye tope linalotoka mtamboni, tena nyingi imeshakuwa amonia. Mmea huichukua haraka, na hewa pia. Mwaga jioni, fukia hapohapo. Mboji hutoa nitrojeni polepole, kwa hiyo mimi huitia kabla ya kupanda, tope nikaliweka la kukuzia.