Barua kwa Mwanangu: Bibi Asmaa na Hijra Mbili

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifika. Umeniandikia kwamba mwenzako wa chuo amekuambia wanawake wa mwanzo waliosilimu hawakuwa na lao, bali walifuata tu waume zao, nawe unataka kujua kama ni kweli. Si kweli, mwanangu, na shahidi wangu ni Bibi Asmaa bint Umays.

Asmaa alisilimu Makka kabla Mtume (S.A.W.) hajaanza kukutana na watu wake katika nyumba ya al-Arqam, na baadaye akavuka Bahari ya Shamu pamoja na mumewe, Jaafar bin Abi Talib, kukimbilia Uhabeshi. Ndiyo, aliondoka na mume. Lakini kukaa ugenini zaidi ya miaka 10, ukazaa watoto watatu mbali na jamaa zako, pasipo shangazi wa kukukanda wala wa kukupikia uji, ni jambo linalotaka imani yako mwenyewe.

Walitoka huko wakaja Madina, alikokwisha kuhamia Mtume, mwaka wa 7 wa Hijra, yaani 628. Siku moja alikuwa nyumbani kwa Bibi Hafsa, mkewe Mtume, mara akaingia Sayyidna Umar, babake Hafsa, akauliza huyu ni nani. Alipotajiwa jina akasema, "Huyu wa Uhabeshi? Huyu wa baharini?" Kisha akamwambia kwamba wao waliohamia Madina wamewatangulia watu wa Uhabeshi kwa hijra, yaani kuhama kwa ajili ya dini, hivyo wana haki zaidi kwa Mtume. Asmaa alikasirika. Alimjibu Umar, ambaye wanaume wengi walimhofu, kwamba Umar na wenzake walikuwa na Mtume akiwalisha wenye njaa wao na kuwafundisha wajinga wao, ilhali watu wa Uhabeshi walikuwa nchi ya mbali wakiudhiwa na kutishwa. Akaapa kuwa hatakula wala kunywa mpaka amfikishie Mtume maneno hayo, bila kuyapunguza wala kuyaongeza. Mtume akahukumu: Umar na wenzake wana hijra moja, na watu wa jahazi, yaani waliokuja kutoka Uhabeshi, wana hijra mbili, ya Uhabeshi na ya Madina.

Mwaka uliofuata Jaafar aliuawa vitani Muuta. Asubuhi ile Asmaa alikuwa amekwisha kukanda unga, amewaosha watoto na kuwapaka mafuta, Mtume alipofika akaomba aletewe watoto wa Jaafar, akawanusa huku machozi yakimtoka, naye Asmaa akajua kuwa mumewe amekufa. Ndipo Mtume akawaagiza watu wawapikie chakula jamaa wa Jaafar, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Ndiyo maana huniuma kuona siku hizi wafiwa ndio wanaohangaika na masufuria kuwalisha waombolezaji.

Baada ya eda aliolewa na Abu Bakr, ambaye alimuusia yeye ndiye amwoshe atakapofariki, naye akamwosha. Kisha akaolewa na Ali.

Lakini ukimjibu mwenzako, mweleze hasa yaliyofuata hukumu ile ya hijra mbili. Wale wanaume waliosafiri katika jahazi walikuja kwa Asmaa makundi kwa makundi kumwuliza Mtume alisema nini, maana hapakuwa na neno la dunia lililowafurahisha kama hilo, na Abu Musa al-Ashari, mwanachuoni mkubwa miongoni mwa masahaba, alikuwa akimwomba Asmaa amrudilie maneno hayo tena na tena.

Mamako akupendaye