Bolti za Mwingereza

Swali: Mhariri sasa, niko Kariobangi natengeneza leithi (mashine ya kukereza chuma) ya zamani ya Uingereza, bolti zake zinakataa nati za milimita, hii thredi, yaani haya meno ya bolti, ilitoka wapi?

Jibu: Fundi wangu, hiyo inaelekea ni thredi ya Whitworth. Kitambo kule Uingereza kila karakana ilikata thredi yake, ukipoteza nati unarudi kwa aliyeitengeneza, sasa mhandisi Joseph Whitworth akakusanya bolti za karakana nyingi akatafuta wastani, na 1841 akapendekeza pembe moja ya meno, digrii 55, na idadi ya meno kwa inchi kulingana na unene wa bolti. Hapo ndio namheshimu sana, alianza na kazi ya mafundi wenyewe. Za milimita ni digrii 60 kwa hivyo usilazimishe, utakula meno. Na hata bomba la maji la nusu inchi hapa Nairobi, thredi yake bado ni hiyo digrii 55.