Pikapu ya dizeli, ya zamani au mpya? Nimezimiliki zote, haya ndo niliyoyaona

Kila wiki lazima mtu anitumie picha ya pikapu WhatsApp, "kaka hii vipi, nichukue?" Namuuliza injini gani, anajibu dizeli. Dizeli gani sasa! Maana dizeli ya 3L (injini ya zamani ya Toyota, haina kompyuta) na dizeli ya komon reli (hizi za kisasa, kompyuta ndo inaamuru nozeli) ni vitu viwili tofauti kabisa, moja unaweza kuifungua chini ya mti na nyingine ukiifungua chini ya mti umeshaiua. Basi nimeona niandike mara moja hapa, nikiulizwa tena natuma linki naendelea na shughuli zangu.

Mimi nabeba viazi na mbao huku Njombe. Nilianza na Hilux ya 3L, baadae nikaongeza pikapu ya lita 2.5 komon reli (kampuni siitaji kwa sababu yaliyonikuta nayo kosa lilikuwa langu, utaona). Zote mbili zimebeba lumbesa, zote zimekula matope ya Makete, kwa hiyo ninachosema sio cha kusoma kwenye katalogi.

Tuanze na vyuma vyenyewe. 3L ni cc 2,779, silinda nne, haina tabo (ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini ipate nguvu), pampu yake inazungushwa na taimingi belti na inasukuma dizeli kwenda kwenye nozeli ambazo zinafunguka kwa presha na springi tu, hakuna wa kuziamuru. Presha yenyewe ni baa mia na ushee. Umeme inaoutaka ni wa stata, hita plagi (za kupashia injini ikiwa ya baridi) na kale kawaya ka solenoidi ya kuzimia, basi. 5L ni mdogo wake aliyeongezwa kidogo, cc 2,986, na 1HZ ya Land Cruiser, cc 4,164 silinda sita, iliyoanza 1990, nayo ni akili hiyo hiyo. Sasa hizi za komon reli kuanzia 2KD na 1KD za miaka ya 2000 mpaka 2GD na 1GD zilizokuja 2015, pampu inajaza reli moja kwa presha ya baa elfu moja na mia kadhaa, nyingine zinagonga elfu mbili, halafu kompyuta ndo inaamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Faida yake unaiona ukipanda mlima Kitonga. 3L ina farasi 90 hivi, ukiwa na mzigo unapanda kwa gia ya pili malori yanakupigia honi, wakati 2GD yenye cc 2,393 tu inatoa farasi 150 na unapanda unaongea na simu (usiongee na simu).

Watu wanasema injini ya zamani haifi. Uongo. Inakufa sana tu, ila inakuaga kwanza.

Siku moja natoka Makete jioni, mvua, 3L ikaanza kukata pumzi, inavuta inaacha, inavuta inaacha, mwisho ikazima. Nikashuka na tochi mdomoni. Nikapampu ile pampu ya mkono juu ya filta ikawa laini haina ukinzani, nikajua imeingiza upepo. Kumbe mpira unaotoka kwenye tenki umepasuka mdomoni, sio kwamba dizeli inavuja, inavuta hewa. Nikakata kipande kilichopasuka kwa kisu cha kumenyea maembe, nikaurudisha, nikaufunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, nikalegeza nati za nozeli kwa spana 17, nikapiga stata mpaka povu likaisha ikaanza kutoka dizeli tupu, nikakaza. Ikawaka. Dakika arobaini, nimelowa ila nimelala kwangu.

Sasa sikia ya mpya. Masika, mjini dizeli imekata siku hiyo, nikachukua madumu mawili kwa jamaa wa kijijini. Kilomita kama ishirini mbele taa ya maji kwenye dizeli ikawaka kwenye dashibodi. Nikajiambia sensa tu hizi, magari ya siku hizi yana makelele. Nikaendelea! Mbele kidogo nguvu ikakata, tabo kimya, taa ya injini nayo ikaja, gari inatambaa kama inatafuta kitu kilichodondoka, halafu ikazima jumla. Nikavutwa na Fuso kwa kamba mpaka Makambako. Fundi wangu wa siku zote, ambaye 3L anaijua hata gizani, akafungua boneti, akatazama, akafunga. "Hii peleka Mbeya." Mbeya wakamwaga filta kwenye chupa ya maji iliyokatwa, chini maji, juu dizeli, katikati kitu kama uji wa ulezi. Pampu ilishaanza kutema unga wa chuma ndani ya reli, na nozeli zote nne zimekwenda. Nozeli nne za 3L niliwahi kubadilisha kwa hela ya mbuzi mmoja. Hizi na pampu yake zilikula hela ya ng'ombe wanne, na gari ikalala gereji wiki tatu kusubiri spea.

Na kinachouma ni kwamba chini ya ile filta kuna kaskrubu ka kumwagia maji. Ningesimama taa ilipowaka, nikakalegeza, nikamwaga mpaka itoke dizeli safi, ningekuwa nimepona, au angalau ningejua nimebeba maji nikazima hapo hapo. Kwenye pampu za hivi dizeli ndo oili yake, inajilainisha kwa hiyo hiyo inayosukuma, na nafasi kati ya vyuma mle ndani ni ndogo kuliko unywele mara nyingi tu. Maji hayalainishi. Mafuta ya taa nayo hivyo hivyo, makavu. Ndo maana uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, ulikuwa unaua magari mapya kimya kimya mpaka EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, walipoanza kuweka vinasaba (alama ya kugundulia mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta 2010, na 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia dizeli ya salfa isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni). Kwa hiyo dizeli ya kituo kinachoeleweka siku hizi komon reli inaila vizuri tu. Shida ni dumu.

Lakini sasa nisimalizie hapo mkadhani nasema chukueni za zamani. Nina daftari naandika kila gari inaposimama. Ukiondoa zile wiki tatu za ujinga wangu, ile mpya haijanilaza njiani tena na injini haijafunguliwa. 3L katika miaka hiyo hiyo imefunguliwa mara mbili, gasketi ya sailenda hedi na ringi, na imesimama mara kumi na kitu, nusu siku hapa, siku moja pale. Ukijumlisha siku zote, na zile wiki tatu ukizirudisha, zinakaribiana! Tofauti ni kwamba ya zamani inakuchosha kidogo kidogo na ya mpya inakupiga mara moja unakaa chini.

Halafu kuna kitu watu hawakisemi. Hiyo 3L unayoiota ni ya 1995. Leo unayoikuta sokoni imeshashushwa mara tatu, hedi imechongwa, pistoni za kichina, pampu imekalibrewa na mtu aliyekuwa anaongeza dizeli ili ivute, inatoa moshi mweusi kama tanuru la mkaa. Jina ni 3L ila injini ile imeshaondoka zamani. Na sio kila ya zamani ilikuwa ngumu, 2L-T na 1KZ-TE zinajulikana kwa hedi kupasuka zikipata moto, ukipuuza geji ya temperecha mara moja tu umenunua hedi.

Hizi mpya nazo zina magonjwa yake ya kuzaliwa. 1KD na 2KD, washa za shaba chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mwako unapenya unaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, lami inaziba ule wavu wa kunyonyea oili chini kwenye sampu (bakuli la oili), na injini inanoki huku stiki inaonyesha oili imejaa. Ukinunua mojawapo, siku ya kwanza kabisa shusha sampu uangalie wavu, badilisha washa, usibishane. Hizo pia zina taimingi belti, kwa hiyo ile taa ya T-BELT ikiwaka usimpe fundi umeme aitoe balbu (nimeona!). GD zina cheni, hilo halikuhusu.

Ukienda kuangalia gari nenda asubuhi, na kabla mwenyewe hajaiwasha. Gusa injini kwa mkono, ikiwa ya moto muulize kaipasha ya nini. Ya zamani isikilize ikiwaka baridi, fungua kifuniko cha oili wakati inaunguruma uone inavyopumua, ikipuliza moshi kama treni ringi hamna. Ya mpya hiyo haitoshi, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na muombe apime marejeo ya nozeli. Anachomoa mipira ya kurudishia dizeli anaweka chupa ndogo nne, anaacha injini iungurume dakika chache. Chupa moja ikijaa kuliko wenzake, nozeli hiyo imechoka, shusha bei au ondoka. Muuzaji akikataa kipimo hicho mimi naondoka.

Kutunza? 3L oili kila kilomita 5,000 na maji ya radieta, inatosha, itakuvumilia. Ya mpya, filta ya dizeli orijino kila kilomita 10,000, oili ile iliyoandikwa kwenye kitabu na sio ya kupimiwa kwenye ndoo, ukitoka mlimani na mzigo iache iungurume dakika moja kabla ya kuzima tabo ipoe, injini isioshwe kwa presha, na ukienda kuchomelea bomba za nyuma chomoa betri kwanza. Jirani yangu alichomelea bila kuchomoa, akaunguza kontro boksi. Bomba zilitoka nzuri sana lakini.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue ipi nitakuuliza mafuta unaweka wapi na fundi wa mashine yuko umbali gani. Kama unazunguka Dar, Moro, Iringa mpaka Mbeya, lami na vituo kila mahali, chukua mpya, utakula dizeli kidogo na mgongo utapona. Kama kazi yako ni kijijini ndani kabisa, dumu ndo kituo chako, na fundi ni kijana mwenye spana sita, tafuta 3L, 5L au ukiweza 1HZ, na weka pembeni hela ya kuifungua maana utaifungua.

3L yangu bado ninayo. Hita plagi moja imekufa na Juni hii baridi ya Njombe inabidi niipige stata mara tatu. Juzi kuna mtu kaja na bei nzuri tu, anataka kuiona Jumamosi saa nane mchana. Nimemwambia aje saa kumi na mbili asubuhi aikute ya baridi.