Beringi huitwa kwa namba yake: maswali yenu kuhusu tairi linalovuma

Shikamoo fundi. Niko Makorora, nina Corolla ya mwaka 1996. Nikifika spidi ya 60 inaanza kuvuma mbele, na nikiongeza mwendo nayo inaongeza. Mmoja kaniambia beringi, mwingine tairi. Nimsikilize nani?

Marahaba. Usimsikilize yeyote kwanza, sikiliza gari. Tairi lililoliwa vibaya huvuma sauti ileile, na wengi wamenunua beringi bure kwa ajili hiyo. Tafuta lami nzuri isiyo na watu, fika kwenye mwendo unaovuma, kisha yumbisha usukani taratibu. Ukikata kulia, uzito wa gari unaegemea kushoto. Mvumo ukipanda hapo, shuku beringi ya kushoto. Usipobadilika, hamishia matairi ya mbele nyuma. Sauti ikihamia nyuma nayo, umeokoa hela yako.

Ukitaka uhakika zaidi, piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki palepale, kaangalie boli jointi, kile kiungo cha duara kinachoshika mkono wa gurudumu. Halafu zungusha tairi kwa mkono mmoja huku mwingine umeugusisha kwenye springi ya shokapu: beringi iliyokwisha utaihisi vidoleni inakwaruza, kama iliyotiwa mchanga.

Nina pikapu ya miaka ya themanini. Mara mbili nimepewa dukani beringi ya "pikapu hiyohiyo", na mara mbili haikuingia. Kosa langu au la muuzaji?

La wote wawili, maana mmeongea jina la gari. Gari la umri huo limeshapita mikono mingi. Huenda ekseli yake ya mbele ilitoka kwenye gari jingine kabla hujalinunua. Beringi huitwa kwa namba yake. Fungua, futa grisi kwa kitambaa na mafuta ya taa, soma kilichochongwa ubavuni mwa ringi, kipige picha kwa simu. Ndipo uende dukani.

Namba nyingi si siri. Chukua 6205: tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5, unapata 25, ndiyo tundu la katikati kwa milimita. Hesabu hiyo inaanzia 04 kwenda juu. Ya 6305 ina tundu lilelile la 25, ila nje ni 62 badala ya 52 ya 6205, kwa hiyo kulingana tundu peke yake hakutoshi. Pikapu za zamani mara nyingi zina beringi za rola zilizochongoka, mbili kila tairi, ya ndani na ya nje. Ukikuta 32008, ni tundu 40, nje 68, unene 19, iwe imetoka Japani au Ujerumani. Zile za kushindiliwa, yaani zinazoingizwa kwa kubana, kama za Corolla ya msomaji wa kwanza, wengine huziandika vipimo waziwazi: DAC38740036 ni tundu 38, nje 74 na unene 36.

Hizi za rola zina vipande viwili, koni yenye rola na kikombe chake. Badilisha vyote. Kuna mafundi huacha kikombe cha zamani kwa sababu kukitoa ni kazi. Rola mpya ikitembea juu ya kikombe chenye mashimo, beringi hiyo ni kama wageni wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Boksi ni lile lile, jina la Kijapani lile lile, duka moja bei ni mara nne ya jingine. Nitajuaje feki?

Boksi lisahau, boksi ni karatasi tu. Toa beringi uitazame kwenye mwanga. Maandishi ya kampuni kubwa huwa safi, herufi zimekaa sawa, na namba ya kwenye chuma inafanana na ya kwenye boksi. Herufi zilizopinda, kutu iliyofutwa, alama za kusaga: rudisha. Lakini usikimbie kwa kuona "Thailand" chini ya jina la Kijapani. Kampuni hizo zina viwanda nchi nyingi.

Ukiwa na SKF ya Sweden, kampuni ina programu ya simu, SKF Authenticate: unapiga picha unawatumia, wataalamu wao wanakujibu. Na dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya beringi. Muuzaji wa feki huanza kubabaika hapo hapo. Malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Mimi binafsi, mfuko ukibana, nanunua beringi ya Kichina yenye jina lake yenyewe. Anayeandika jina la mwenzake juu ya chuma chake ameshaniambia anavyokiamini.

Nimeweka mpya, halisi, miezi miwili inavuma tena. Fundi anasema beringi za siku hizi mbovu.

Muulize aliiingiza na nini. Akisema nyundo, umepata jibu.

Beringi ya kushindiliwa inataka presi, na msukumo uwe kwenye ringi ile inayobana. Ukiiingiza kwenye nyumba yake ya nje huku unasukuma ringi ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, nazo zinaacha vidonda vidogo njiani mwake. Macho hayavioni, spidi ya 80 inavisikia. Nati kubwa ya ekseli nayo ikazwe kwa spana ya kipimo kabla gari halijashushwa chini. Nimewahi kushusha gari kwanza ili nikaze vizuri, nilipokuwa mgeni wa kazi. Mwenye gari alirudi kabla ya mwezi.

Za rola ni kinyume, hazitaki kukazwa sana. Kaza huku unazungusha tairi ili zikae, legeza, kisha rudisha kwa mkono mpaka mchezo uishe tu, na pini ya kufungia nati iwe mpya. Umeendesha kilomita chache habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikawa haigusiki kwa moto? Umebana mno.

Nauza samaki, natoka Pangani, gari linaingia mpaka mchangani kwenye maji. Kila nikifungua habu nakuta grisi kama chai ya maziwa.

Hayo ni maji, na ya chumvi. Tatizo lako ni oili sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke na maji yasiingie, kabla ya beringi: weka mpya kila unapofungua, na tazama sehemu inapokalia, ikiwa imechimbika, sili mpya nayo itavuja. Osha grisi ya zamani yote, usiongezee juu yake, maana aina mbili tofauti zikichanganywa zinaweza kulainika na kutoka. Grisi mpya ishindilie kati ya rola kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili, lakini usiijaze habu nzima. Halafu acha kuingiza ekseli yenye moto kwenye maji baridi. Ikipoa ghafla inavuta maji ndani kupitia sili. Simama kwanza, nunua hata madafu.

Zile "used" za Japani je?

Habu nzima iliyofunguliwa na kila kitu chake, ukaizungusha ikawa laini, sawa. Beringi iliyong'olewa peke yake, hapana; mara nyingi huwa imejeruhiwa wakati wa kutolewa.

Nibadilishe pande zote mbili?

Beringi si shokapu kwamba zibadilishwe mbili mbili. Badilisha iliyokufa, ya pili ikague. Ila ile kuukuu usiwape watoto wa jirani kwa kigari chao cha mbao mpaka mpya iwe imeingia na umeendesha. Namba yake bado unaihitaji.